Mabuli Kibera, Vifuniko Kawangware

Jumatatu, 3 Machi

Nimepangusa mabuli yote ya chai kabla ya kufungua kibanda. Vumbi la mtaa wa Makina sasa linaingia hadi ndani, maana hakuna cha kulizuia. Nimeyafunika kwa visahani vya mtumba. Hakuna kinachokaa sawa. Yanafanana na wagonjwa waliofungwa bandeji na mtu asiyejua kazi.

Mama mmoja wa mtaa wa Olympic ameingia, akashika lile la Kijapani lenye mpini wa fito. Akaligeuza, akalipenda, akauliza kifuniko. Nikamwambia kiko Kawangware. Akacheka sana. Akasema wewe una mdomo.

Sikuwa nafanya mzaha.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike jambo hili mara moja, labda litaniacha nilale.

Baba alikuwa mpishi kwenye nyumba za wazungu maisha yake yote. Kila familia iliyofunga mizigo kurudi kwao ilimwachia kitu. Wenzake waliomba redio, godoro, baiskeli. Yeye aliomba buli. Hilo neno alilipata kwa mpishi mkuu wa kutoka pwani aliyemfundisha kazi. Sisi huku kila kitu ni birika. Baba hakukubali. Birika ni la jikoni, alisema, buli ni la mezani. Kabati likajaa ya kila nchi. La Kichina la udongo mwekundu usiopakwa rangi, lenye simba juu ya kifuniko. La Kiingereza la maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Jingine la Kiingereza lenye umbo la kabichi, majani na yote. La Kirusi, la Kituruki, la Kijerumani. Yote yalikaa kabatini kwa Mama, mtaa wa Raila, hapa Kibera.

Baba alikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa ni ya Mama. Nyumba ndogo iko Kawangware, kwa mama mdogo, mke wake wa pili, na huko ndiko alikougulia na kufia. Baada ya matanga, mzee Oloo, jaduong' tunavyomwita, mdogo wake Baba, akaja Raila na wazee wawili kugawa vitu. Mama mdogo aliketi mlangoni. Sisi mabinti tulikuwa nyuma tunapika chai. Jaduong' alitoa vyombo kabatini akavipanga kwenye mkeka, mabuli upande huu, vifuniko upande ule ili visianguke. Kisha akahesabu vyote pamoja. Thelathini na nane. Kila nyumba kumi na tisa, na asinung'unike mtu. Nyumba kubwa ichague kwanza.

Mama akachagua mabuli. Nani angechagua vifuniko?

Nilipoingia na trei, gunia la vifuniko lilikuwa linafungwa kamba. Nikasema, jaduong', hicho ni chombo kimoja. Akaniita binti kwa Kiluo:

"Nyara, wewe ni mfanyabiashara. Sufuria dukani inakuja na kifuniko?"

Haiji. Sufuria unanunua peke yake, kifuniko ukitaka unanunua peke yake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Jambo likaisha hapo, na mabuli yakaja kibandani kwangu.

La Kituruki ni mabuli mawili, dogo hukaa juu ya kubwa. Lile dogo akalihesabu kuwa kifuniko. Na lile la Moroko, ambalo kifuniko chake kimeshikwa na bawaba, lilimshinda kugawa. Akalichukua yeye.

Na katika hayo kumi na tisa, saba nilinunua mimi, kwa jasho langu, moja moja, nikayaweka kwa Baba kwa sababu chumba changu cha wakati ule kilikuwa kinavuja. Nani alihesabu hilo? Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Nimeenda Kawangware baada ya kanisa. Mama mdogo anauza githeri na chai kwenye kibanda chake kando ya barabara. Nilidhani nitaomba gunia lifunguliwe. Hakuna gunia. Vifuniko viko kazini. Cha waridi kimefunika chumvi. Simba wa Kichina amekaa juu ya pilipili. Cha kabichi kiko juu ya bakuli la kachumbari, na kusema kweli kimependeza, jambo lililonikasirisha zaidi.

Nimekunywa chai yake. Nikamwambia nataka kuvinunua vyote, ataje bei.

"Atieno, umekuja kunisalimia ama umekuja kununua?"

Nikasema yote mawili.

"Basi ungeanza na salamu."

Fundi mmoja wa viatu aliyekuwa anakula akaniuliza kama najua jina jipya la mama mdogo. Hapa mtaani anaitwa Mama Vifuniko. Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Akafuta meza akasema, "Wenzangu wakifiwa wanarithi shamba. Mimi nilirithi mifuniko. Wacha kwanza niitumie."

Nimerudi mikono mitupu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hakuna mteja. Nimepima midomo ya juu ya mabuli yote kwa rula. Hakuna mawili yanayolingana. Yametoka Ulaya, Uchina, kote huko, na hakuna hata moja linaloweza kuazima kifuniko cha mwenzake.

Jumapili, 23 Machi

Nilikuwa na mpango. Niliukokotoa wiki nzima na hauna kosa. Nyumba kubwa itoe mabuli tisa, nyumba ndogo itoe vifuniko kumi. Kawangware wawe na tisa kamili, Raila kumi kamili. La kumi ni haki ya nyumba kubwa, hata jaduong' hawezi kulipinga. Hakuna anayepoteza. Kila upande unapata vitu vizima badala ya nusu nusu. Hata nilichagua yapi yaende, nikajinyima lile la Kijapani.

Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa kwenye unga. Akaniambia nirudie, nikarudia.

"Hesabu yako iko sawa. Wewe kichwa chako ni cha baba yako. Sasa nipigie na hii. Mimi nitazikwa wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole kama mtoto. Baba hakuwahi kumjengea nyumba kule nyumbani, kijijini. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Mke asiye na nyumba bomani hana mahali pa kulala akienda, na akifa hana mahali pa kulazwa. Siku ya mazishi alilala kwenye hema pamoja na viti vya kukodi. Na ni yeye aliyemwosha Baba miezi ile yote, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko. Ile sehemu sikutaka kuisikia, kwa sababu ni kweli.

"Nijengewe hata chumba kimoja cha mabati, upande wangu. Siku hiyo nakuletea vifuniko mwenyewe, nimevifunga kwa gazeti kimoja kimoja. Sitaki buli hata moja."

Mimi ni binti. Kwetu binti ni mpita njia. Sina hata haki ya kuonyesha mahali pa kuchimba choo.

Jumamosi, 29 Machi

Kwa jaduong', mtaa wa Lindi, hapa hapa Kibera. Kabla ya chakula mjukuu wake akatunawisha mikono. Kwa lile buli la Moroko. Maji yalitoka kwenye mdomo ule mwembamba kama uzi, na jaduong' akanitazama kwa fahari kana kwamba alilifua yeye.

Nikamweleza habari ya nyumba. Nikasema mabati, mbao, fundi, nitatoa mimi. Yeye aonyeshe mahali tu.

Akasema mwenye boma amekufa. Nyumba ya mke husimamishwa na mumewe, akiwa hai, kwa mkono wake. Marehemu hasimamishi nguzo. Nikamwuliza kama yeye kama mdogo wake hawezi. Akasema anaweza, lakini nyumba kubwa ikubali kwanza, kwa mdomo wa Mama mwenyewe. Kisha akaniuliza ninavyofanya biashara, maana watu wanasema nimekuwa tajiri.

Tajiri wa visahani.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilingoja amalize kula. Nikamweleza yote bila kuongeza chumvi, kwamba mama mdogo anataka chumba kimoja nyumbani, kwamba jaduong' anangoja neno lake yeye, kwamba gharama ni yangu.

Alitoka nje, akarudi na dhania. Nikaona ameitoa wapi. Lile buli la kabichi, alilolichukua kibandani kwangu wiki jana akisema analikumbuka, amelijaza udongo na kupanda. Liko kwenye kizingiti, kwenye jua na mvua.

Nilipiga kelele. Mimi sipigi kelele ovyo.

"Si halina kifuniko? Kitu hakina kifuniko ni mkebe. Mwambie huyo wa Kawangware mimi napanda mboga kwa langu."

"Na habari ya nyumba?"

"Nyumba gani?"

Akaendelea kukatakata dhania. Nikala maharagwe yenye dhania ya buli la zaidi ya miaka mia. Yalikuwa matamu. Nimechoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Jirani wa mama mdogo, dada anayeuza viazi, amenipigia simu. Bodaboda ilirudi nyuma ikagonga meza. Simba amekatika kichwa. Kifuniko chenyewe kimepasuka vipande viwili.

Buli la simba ni mojawapo ya yale saba yangu. Nililinunua kutoka kwa mzungu aliyekuwa anahama Lavington, na siku hiyo nilitembea kutoka huko hadi Olympic kwa miguu kwa sababu nauli ilikuwa imeingia ndani ya bei. Nililipakata kama mtoto.

Nimekaa na buli hilo magotini leo. Sikufanya lolote lingine.

Jumapili, 13 Aprili

Fundi seremala wa hapa Makina amenichongea kifuniko cha mti kwa ajili ya la Kijapani. Kazi safi. Amekitoboa hata tundu la mvuke. Nikamimina maji ya moto kujaribu. Mti ukavimba, kikakwama. Kukitoa ilibidi nikivunje kwa bisibisi. Sasa buli lina alama ya bisibisi shingoni.

Hiyo alama nimeiweka mimi. Si mama mdogo, si jaduong'.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimefunga mapema. Nilienda Kawangware, safari hii bila mpango wowote. Nilitaka tu kuomba avitoe mezani, aviweke hata chini ya kitanda, wakati sisi wengine tunatafuta akili. Niliweka maneno sawa njiani. Nilianza na salamu.

Kibanda kimefungwa. Yule dada wa viazi amesema mama mdogo alisafiri jana na basi la usiku, kwenda nyumbani. Pasaka. Alibeba mfuko mmoja wa nguo na gunia ambalo hakutaka makanga ampakilie juu. Alilipakata.

Anaenda kulala wapi? Hata dada wa viazi aliniuliza hivyo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Binamu yangu aliye nyumbani ametuma picha.

Kaburi la Baba lilikuwa udongo mtupu tangu mazishi. Tulikuwa tumekubaliana litajengewa mwisho wa mwaka, watoto wote tukichangishana. Mama mdogo amelijengea peke yake. Alikuja na fundi wa kutoka sokoni, saruji mifuko minne, mchanga. Na fundi alipolaza saruji juu na kuilainisha, kabla haijashika, mama mdogo akapiga magoti akavikandamiza vifuniko ndani yake, kimoja kimoja, kwa mkono.

Vyote. Vile vya Ulaya pembeni, vishikio juu. Cha kabichi katikati. Cha simba, vile vipande viwili, amevikaribianisha lakini havikugusana. Lile buli dogo la Kituruki amelisimamisha upande wa miguu. Cha waridi kiko upande wa kichwa.

Nimeikuza picha hadi ikawa ukungu. Nikavihesabu. Kumi na tisa.

Jumanne, 22 Aprili

Nina hasira. Saba ni zangu. Saba! Ningeweza kwenda mahakamani na ningesema nini? Mheshimiwa, marehemu amefunikwa na mali yangu?

Nimempigia fundi wa vigae ninayemjua, Kawangware hiyo hiyo. Nikamwuliza kama udongo uliochomwa ukizama kwenye saruji unatoka.

"Unatoka, lakini ukiwa changarawe, madam."

Nimempigia jaduong'. Nilidhani atawaka. Alikuwa ameshaona picha. Akasema kaburi halifukuliwi kwa sababu ya vyombo vya chai, hilo ni jambo la kuleta kifo nyumbani. Kisha akasema, "Na imependeza, nyara."

Jumatano, 23 Aprili

Sina la kuandika. Mteja mmoja wa mwezi jana, mwenye nyumba ya wageni, ameuliza kama vifuniko vimepatikana. Nikamjibu havipo. Akasema pole.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda nyumbani mwenyewe. Sikubeba patasi. Nilikuwa nimeiweka kwenye mkoba, nikaitoa.

Picha haikuonyesha kila kitu. Saruji imekauka vizuri, fundi alikuwa anajua. Vifuniko vimeingia hadi ukingoni, hakuna ukucha unaopita chini yake. Mvua imevisafisha. Ile dhahabu ya ukingo wa cha waridi inaonekana kutoka mlango wa nyumba ya Mama ya huku. Nilijaribu kukizungusha cha Kijapani kwa vidole viwili, kama Baba alivyozoea kujaribu kama kifuniko kimekaa. Kimekaa.

Binamu amenisimulia mengine. Mama mdogo hakuruhusu mtu kumsaidia. Alipomaliza alikaa hapo kwenye kigoda na fimbo, akifukuza kuku wasikanyage saruji mbichi. Giza likaingia. Nyumba ya Mama ina kufuli. Kwenye nyumba ya jaduong' ya huku hakualikwa. Binamu alimwomba alale kwake, akasema hapana, yeye hana nyumba hapa, hataki kusemwa. Alilala kanisani, kwenye benchi. Asubuhi akajaribu saruji kwa kidole, akaenda kutafuta basi.

Nilisimama pale muda. Nilitaka kukasirika tena na haikuja.

Jumapili, 11 Mei

Raila, kwa Mama. Sikuwa nimemwonyesha picha. Leo ameiomba mwenyewe. Amevaa miwani, akaishika simu mbali, akanirudishia nimkuzie.

"Ile ya maua ameiweka wapi?"

"Upande wa kichwa."

"Mm. Hiyo aliipenda."

Akaangalia sana. Akaniuliza nani alimpa saruji. Nikasema alinunua mwenyewe. Akaniuliza alilala wapi siku ile. Sikutaka kumwambia lakini alingoja, basi nikamwambia. Benchi la kanisa.

Mama akavua miwani. Akasema, "Si angeniambia? Nyumba yangu ina vyumba viwili."

Aliambiwa. Mimi ndiye niliyemwambia, hapo hapo alipoketi. Lakini ana miaka sabini na mbili, na ufunguo wa ile nyumba ya nyumbani uko kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni, na mkono wake ulikuwa umeushika.

Akaniuliza kama nina namba ya huyo wa Kawangware. Yeye hajawahi kuwa nayo, miaka yote hii. Nikaitafuta, nikampa simu, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Aliitazama namba hadi kioo kikazima chenyewe.

Kisha akanirudishia simu. Labda kesho, akasema.